Wadudu wa Chemchemini

Jumamosi, 13 Julai

Chemchemini tena. Chupa mbili: moja ya ukingoni kwenye majani yanayooza, moja ya katikati. Hadubini ya shule ninayofundisha ina ufa, nimeuzoea. Leo nimepata aina saba za siliata, vijidudu vya seli moja. Paramesia, umbo la kandambili, wenye haraka isiyo na sababu. Vortisela, kengele juu ya uzi. Ukigonga meza uzi unajikunja. Stenta mmoja, tarumbeta la kijani, mkubwa kuliko wote na bado ni seli moja tu. Wanne siwajui majina, nimewachora. Mwaka wa tatu nafanya hivi na hakuna aliyenituma. Kwetu Bukiriro mama anawaambia majirani kwamba nasomea udaktari. Sijamkanusha.

Ijumaa, 26 Julai

Siku ya wazazi. Niliweka slaidi mbili mezani: tone la chemchemi, na tone la duara, lile shimo la kilimani walilokimbia wachimbaji wa dhahabu. Nilitaka waone tofauti. Huku uhai umejaa, kule hakuna hata mdudu mmoja. Watu wakapanga foleni. Nilijiona mtu mkubwa.

Mama Kulwa, jirani yangu, Msukuma aliyehamia hapa Nyantakara na mumewe na ng'ombe wao, aliangalia chemchemi akarudi nyuma akajifuta jicho. Kwenye duara alikaa muda mrefu. Hakuuliza kitu. Mkuu wa shule amenipongeza. Nimekula pilau sahani mbili.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimemkuta Mama Kulwa na dumu kichwani akishuka kilimani, wanawake wanne nyuma yake. Wanachota duara. Nikauliza kulikoni.

"Mwalimu, si ulituonyesha mwenyewe? Kule chini tunakunywa wadudu. Huku hamna."

Wachimbaji waliosha dhahabu kwa zebaki pale, na sijui kwa dawa gani nyingine. Hakuna kinachoishi mle kwa sababu hakuna kinachoweza. Niliona jambo hilo liko wazi, sikulisema. Na ni mimi ninayeandika ubaoni kila mwaka: maji safi hayana vijidudu. Wamenisikiliza vizuri mno. Najichukia.

Jumatano, 14 Agosti

Mwenyekiti wa kijiji alinipa nafasi mkutanoni. Nikabeba hadubini. Tone la chemchemi kwanza, wanaogelea. Kisha nikawadondoshea maji ya duara, watu wakitazama kwa zamu. Wale kandambili walizunguka mara mbili tatu, wakalegea, wakavimba, wakapasuka. Nikadhani nimeshinda.

Mzee Bitegeko, ambaye hata mwenyekiti anampa shikamoo, akainua kichwa kutoka kwenye hadubini. Akasema kwa upole, "Basi hiyo ni dawa. Inaua wadudu."

Wakaitikia wote. Nimeua viumbe hadharani na nimelitangazia duara biashara. Hivi ninavyoandika nasikia madumu yakigongana, yanapanda kilimani.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimepita nyumba kwa nyumba. Wananikaribisha, wananipa kiti, wananipa maji ya duara ninywe. Nakataa. Wanacheka.

Mbuzi wawili wa Mama Kulwa wamekufa. Wanasema homa ya mapafu.

Jumapili, 8 Septemba

Doto. Pacha wa Kulwa, miaka minne. Wamekuja kwangu na mama yao baada ya misa. Nikampa chai. Mikono inamtetemeka, chai yote kifuani. Kulwa hatetemeki. Mama anasema Doto ndiye mpenzi wa maji ya duara, eti ni baridi.

Nimempigia magoti mama yake. Hospitali ya wilaya, kesho, si keshokutwa. Nadhani magoti ya mwalimu ndiyo yaliyomtisha, si maneno. Amekubali.

Alhamisi, 19 Septemba

Damu ya Doto imepelekwa Mwanza. Daktari hajasema ni maji, hajasema si maji. Mimi nasema. Mama Kulwa amerudi chemchemini na wenzake wamemfuata. Mwenyekiti amezungushia duara miba.

Sasa kila asubuhi Mama Kulwa ananiletea kikombe cha maji ya chemchemi kabla ya kupika uji. "Niangalizie, wamo?" Naangalia. Wamo. Anaondoka. Sijui ananiamini au ananiadhibu. Nikifumba jicho moja kuangalia kwenye hadubini, lile lililofumbwa linaona mikono ya Doto.

Jumatano, 2 Oktoba

Mvua zimeanza. Aina tano. Stenta sijamwona. Labda maji mapya yamewatawanya.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua siku tatu mfululizo. Duara limefurika, limevuka miba. Nimefuata mkondo kwa miguu, matope hadi magotini. Unaishia juu kidogo tu ya chemchemi, halafu ardhi inaunywa.

Aina mbili. Nimerudia tone mara sita.

Mwenyekiti anasema chemchemi inatoka chini, haihusiani na ya juu. Nimeandika barua ofisi ya maji wilayani. Naogopa, na safari hii sina cha kuwaonyesha watu zaidi ya slaidi tupu. Slaidi tupu ndiyo iliyotufikisha hapa.

Jumapili, 20 Oktoba

Mvua imekata. Mama Kulwa amekuja na kikombe, Doto kamshika kanga.

Tone la kwanza, hamna. La pili, hamna. La tatu nimelichukua chini kabisa ya kikombe, penye mchanga. Hamna. Nimechelewa kuinua kichwa.

"Mwalimu, wamo?"

Nikamwambia hawamo. Akatoka nje, akamwaga maji taratibu mbali na miguu ya mtoto. Akauliza sasa wakachote wapi. Nikamwonyesha pipa langu la maji ya mvua, yale ya kwenye bati. Akataka niyaangalie na hayo. Nikaangalia. Ni maji ya juzi tu, bado hayana kitu.

Nikamwambia ukweli: hamna hata mmoja, lakini haya ni mazuri. Akauliza nimejuaje.

Nikachota kikombe, nikanywa kwanza mimi. Alisubiri kidogo, akinitazama mikono, ndipo akampa Doto.