Mguu wa Sara Usikandwe

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nisamehe, daftari. Toka Pasaka sijakushika. Nilikuwaga naandika hata nikirudi kuanika dagaa, sasa kalamu yenyewe nzito. Tuko Musoma, hospitali, wodi ya watoto. Sara wangu, mwenye selimundu toka azaliwe, mguu wa kushoto umevimba, unang'aa. Daktari Eufrasia anasema damu imeganda ndani ya mshipa. Anachomwa sindano isizidi kuganda. Na ameonya: mguu usikandwe! Bonge la damu likichomoka linapanda kwenye mapafu.

Jumatano, 4 Juni

Daktari katuonyesha panya kwenye simu. Kumbe kuna watu kazi yao hiyo — wanafuga panya wenye selimundu ya binadamu, waone damu inagandaje na nini kinaizuia. Nikauliza, dawa imepatikana? Akasema panya wengine mabonge yamepungua, ila panya si mtoto, dawa nyingi zinaishia hukohuko kwa panya. Hakunificha. Nikamwambia basi panya wametutangulia foleni. Akacheka.

Sara akauliza kama panya nao miguu inawauma. Daktari akarudisha simu mfukoni. Akasema ndiyo.

"Wana mama?"

Jamani!

Ijumaa, 6 Juni

Mama mkwe kafika toka Mwitongo, na samli na chupa ya maji moto. Amekanda miguu ya mume wangu Fredy, ya wadogo zake wote, ya nusu ya kijiji. Hata Sara nilikuwaga nampelekea akibanwa na maumivu, na yalikuwa yanapoa kweli. Ndiyo maana mtoto akamnyooshea mguu mwenyewe!

Nikaushika mkono wa mama. Mkono wa mkwe, mbele ya wodi nzima. Nikasema, hapana mama, haya si yale ya siku zote. Nikamweleza bonge, mapafu, panya.

"Panya? Mimi nimezaa panya? Mke wa mwanangu anafundishwa kulea na panya!"

Wodi ikacheka. Yeye hakucheka. Mkono sikuuachia.

Jumamosi, 7 Juni

Fredy kapiga simu toka nyumbani, Bukima. Ameshaambiwa. Eti nimemwaibisha mama yake. Eti nimwache akande kidogo tu, roho yake itulie. Kidogo tu! Nikamwambia njoo ukande wewe, na kumzika umzike wewe. Nikakata simu. Nikalia chooni, nikanawa, nikarudi.

Jumapili, 8 Juni

Mama hajaondoka. Chakula changu hagusi. Anakaa upande wa miguu ya Sara, anasali rozari, macho kwenye shuka. Anampenda — hilo silikatai. Ndilo linalonichosha.

Baada ya uji nilisinzia. Nikashtuka — harufu ya samli! Shuka limefunuliwa hadi gotini. Mama anasema alikuwa anafukuza nzi. Sara anasema bibi hajamgusa. Anasema huku anamwangalia bibi. Nimemwita nesi, kapima pumzi, kasema atarudi kupima tena. Nahesabu kifua kikipanda, napotea, naanza upya.

Fredy katuma meseji: nilete nini? Mashuka mawili. Sufuria ndogo ile yenye mfuniko. Sabuni ya kipande. Kadi ya kliniki ya Sara, iko chini ya godoro letu. Dagaa asilete. Mtu wa kumtolea Sara damu, akipatikana. Yeye mwenyewe, aongee na mama yake kwa mdomo wake. Na dada yangu Yunis — aje akae huku miguuni, nami nilale.