Uzio wa Kinamasini

4 Februari

Baba, shikamoo. Hamjambo huko? Mama anaendeleaje na goti? Mimi mzima, ila kushinda nikibandika mimea mikavu kwenye karatasi kumenikunja mgongo.

Lile ua la zambarau ulilolibana ndani ya barua limemtoa jasho mkuu wangu wa kazi. Linaishi kwenye tope lenye maji ya kufika kifundoni tu, na kwingine kote limekwisha. Mmebaki nalo ninyi. Baba, ng'ombe wanalikanyaga! Tafadhali zungushia uzio.

Binti yako

20 Machi

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima.

Uzio umesimama. Jirani mwenye ng'ombe amenuna, anadai maua hayo huota kwenye nyayo za ng'ombe wake tangu enzi za babu yake. Nikamwambia asiyejua maana haambiwi maana, binti yangu kasoma. Nimehesabu maua thelathini na moja.

Baba yako

9 Februari, mwaka uliofuata

Mwanangu, salaam. Mama yako anakusalimu.

Nyasi ndani ya uzio zinanifika kiunoni. Nikizing'oa leo, kesho zimerudi. Maua ni manne. Nifanyeje? Jirani sijamwambia.

Baba yako

27 Februari

Shikamoo baba. Natumai afya ni njema. Yangu usiulize.

Nimekosa. Mbegu zake ni kama vumbi, hazioti chini ya nyasi. Zinataka tope tupu lililovurugwa, na waliokuwa wakilivuruga ni ng'ombe. Humo topeni hukaa hai misimu miwili tu, na huu ni wa pili. Toa uzio. Niombee radhi kwa jirani. Nimeomba ruhusa nije, wamekataa. Naona aibu, baba.

Binti yako

30 Machi

Marahaba, mama. Usijilaumu, uzio niliujenga mimi, na kwa mbwembwe.

Nimeutoa. Jirani nilimkuta kwake, akanipa kiti. Ng'ombe hana tena. Alipokosa malisho aliwauza wote, na mimi nilikuwa simsalimii, sikujua.

Basi kila asubuhi navua viatu naingia kukanyaga mwenyewe. Mama yako amenicheka siku mbili, ya tatu akaingia. Jana jirani naye alikunja suruali, akashika upande wake. Hakijaota kitu. Maua manne yamekauka.

Wewe uliyesoma, hebu tuambie: ng'ombe mmoja ana uzito wa watu wangapi?

Baba yako