Betri ya tatu

Wewe, usiinunue ile kamera. Tumetoka ukumbini sasa hivi, mimi na kaka, alikokuwa anapiga picha za harusi.

Unajua kaka alivyoisifia yake. Ya zamani, ndiyo, lakini nyepesi shingoni na picha zake safi. Na kweli, asubuhi yote ilimtii. Shida ni betri. Hazitengenezwi tena, na zile tatu alizouziwa nayo zimeshachoka.

Ya tatu aliitunza kwapani ipate joto, labda itoe chaji kidogo. Akaipachika kwenye kamera pale bibi harusi alipotokea mlangoni, ameshikwa mkono na baba yake, yule mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali kwa siku moja tu.

Kamera ikazima.

Kaka akabonyeza. Akabonyeza tena. Baba mtu akapita mbele yake taratibu, anamtazama yeye, anatabasamu. Kaka akabaki na kamera usoni, anajifanya anapiga. Nakwambia, anajifanya anapiga.

Nyuma yake shangazi mtu, simu mkononi, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, sogea kidogo, unatuziba."

Akasogea.

Sasa tuko kwenye gari. Bibi harusi amemwandikia kaka. Baba yake anaomba ile picha aliyotabasamu.