Tikiti ya Mama Kamala

Carrollton, Jumanne, Oktoba 2003

Na sasa pengine sina kazi.

Asubuhi Ravi, mtoto wa Mama Kamala, mgonjwa ninayemtunza nyumbani kwao, alinivuta jikoni. "Grace, mwambie Mama daktari amemkataza kupanda ndege." Daktari hakusema hivyo. Alisema moyo wake ni dhaifu, lakini aamue mwenyewe. Mama anataka kurudi kwao India, na Ravi anaogopa atafia huko peke yake, na hofu hiyo naielewa.

Lakini Mama Kamala si wa kudanganywa. Alikuwa katibu mkuu katika serikali ya jimbo lao, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Mawaziri walimtaka aidhinishe mashamba ya wakulima yatwaliwe na kupewa shemeji wa waziri mmoja. Akakataa. Wakamhamisha kituo baada ya kituo, na bado akakataa.

Nilipokuwa nampima presha akaniuliza, "Ravi anasema daktari amenikataza kusafiri. Ni kweli?"

Nilikodolea macho mashine. "Hapana, Mama. Amesema uamue wewe."

Akasema, "Mawaziri waliniondoa ofisini mara nyingi, Grace. Hakuna hata mmoja aliyesingizia afya yangu."

Kisha akamwita mwanawe, akamwambia akate tikiti. Ravi hakunitazama. Alisema tu, "Tutaongea kesho."

Nime-drive hadi nyumbani. Akinifukuza, nitaanzia wapi? Na moyo wa Mama ukisimama huko angani, je...

Nimepiga magoti. Nimeomba afike salama, na nilipokuwa nimeshainuka ndipo nikakumbuka kwamba sikuiombea kazi yangu.