Gesi ya Katikati

Bombambili, Songea

Mwanangu Ekaristia,

Huku tunaamka salama. Mahindi yameanza kubeba, na paka bado analala kwenye kiti cha marehemu baba yako.

Asubuhi nilikoroga chai nikakumbuka ulivyomweleza baba kazi yako ya huko chuoni kwa kikombe hikihiki. Ulisema katikati ya galaksi gesi huzunguka kama chai, na nyingine huvutwa ndani. Tangu siku ile hakunywa chai kabla ya kuyatazama majani yakikusanyika katikati. "Subiri, Beata," alikuwa akiniambia, "ninasoma na mtoto."

Jana ukoo ulikuja kugawa nguo zake. Shangazi yako Ursula akasema, "Huyo anayechungulia moshi wa mbinguni, kaburi la baba yake halioni?"

Nikamjibu, "Ni gesi, wifi, si moshi."

"Gesi au moshi, matanga hayamngoji mtu."

Unajua koti la marehemu hupewa mtoto wa kwanza, mbele ya ndugu wote. Walitaka kumpa mdogo wako Edwin. Nikalikalia. Nikawaambia umeshakata tiketi, unakuja wiki ya Pasaka. Ndipo wakaahirisha.

Najua hujakata. Ulisema vipimo vya gesi yako havijaisha, na ulipolia kwenye simu mimi sikukuita nyumbani. Lakini uliniambia gesi ile huchukua mamilioni ya miaka kufika katikati. Basi itakungoja, mwanangu. Mimi bado nimelikalia koti.

Mama yako,
Beata