Mpishi Hakutia Sumu

Tata, baba yangu,

Ni miaka minne tangu tukuzike kibanjani Buganguzi, na kuna jambo lazima nikuambie.

Unaikumbuka Jumapili ile gari la sinema lilipofika kijijini. Baada ya misa walitundika shuka jeupe darasani, wakaziba madirisha kwa mablanketi, nami nikaketi ubavuni pako. Ilikuwa filamu ya zamani ya Waingereza: tajiri kafa kwa sumu mezani, na mpelelezi anamhoji kila aliyemo nyumbani. Mkalimani alitueleza kwa Kihaya mpaka mwisho, akatangaza kuwa muuaji ni mpishi.

Watu wakakugeukia wakicheka. Kabla ya Uhuru ulimpikia Mzungu mmoja Bukoba miaka kumi na moja, na sasa ulikuwa unapika katika jiko la kijiji chetu cha ujamaa.

Ukasimama. Ukasema filamu hiyo imetokana na kitabu ulichokisoma kwa yule Mzungu, na humo aliyetia sumu ni mpwa wa tajiri. Wenye filamu wamemsingizia mpishi. Nilivuta shati lako ukae. Nisamehe. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, niliona aibu.

Katibu wa kijiji akakuuliza mbele ya wote kama bado unawatetea mabwana zako.

"Namtetea mpishi," ulisema.

Kesho yake alikutaka uombe radhi. Ulikataa. Wakakutoa jikoni, wakakupeleka kupalilia kahawa, na watoto wakakubandika jina la Sumu. Hata siku ya mazishi yako nililisikia.

Mwezi uliopita, huku Bukoba ninakofundisha, nilikikuta kitabu kile kwa muuza vitabu vikuukuu Miembeni. Nilikimaliza kwa siku mbili. Ni mpwa, Tata. Ulisema kweli.

Nilikipeleka Buganguzi, nikasoma sura ya mwisho kwa Kihaya mbele ya mkutano wa kijiji. Kaka alininong'oneza niwaache wafu wapumzike. Nikaendelea kusoma. Safari hii hakuna aliyecheka.

Yule katibu, sasa mzee, ameomba nimwazime akakisome peke yake. Nimekataa. Akikitaka, aje kwangu. Nitampikia ndizi ale ashibe, kisha akisome kwa sauti, wajukuu zako wakimsikiliza.

Kwaheri, Tata. Sitaomba radhi kwa niaba yako.

Binti yako