Droni ya Saa Kumi

Jumanne jioni, Kitengela

Na sasa nimejua kwa nini ile habari ya redio imenikaa rohoni. Ndege za vita za nchi moja zinaingia anga ya jirani yake kila siku, zinakaa dakika chache, zinarudi. Baba Njeri, mume wangu, alicheka. "Kwani wamepiga hata risasi moja?"

Mimi nilifikiria droni. Wiki ya tatu hii inakuja saa kumi, inasimama juu ya ploti yetu, inaenda. Hakuna mtu anajua ni ya nani. Siku ya kwanza mbwa wetu alibweka mpaka sauti ikamwisha, na Baba Njeri akakimbia kwa chifu.

Mama Simaloi, jirani yetu Mmaasai, hakucheka. "Fisi anazunguka boma siku nyingi bila kugusa mbuzi," alisema. "Anangoja tu mbwa wachoke kuamka."

Naogopa, niseme ukweli.

Leo ilishuka mpaka usawa wa tangi la maji. Mbwa alifungua jicho moja, akalifunga.

Mimi nilikuwa naanua nguo. Nikaendelea kuanua.